Nilifuta Mistari Mitatu kwa Ajili ya Mapenzi

Nina umri wa miaka thelathini na mitatu. Sina mume wala cheo, na wanaonicheka kwa hayo mawili wacheke mpaka wachoke! Kinachonitia haya mimi ni jambo jingine kabisa. Nililitenda kwa mkono wangu mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu, na kwa sababu yake wanawake wa kijiji chetu walimwaga shimoni jasho la msimu mzima.

Ndugu wasomaji, sitaki huruma yenu. Nataka tu mnisikilize mpaka mwisho, halafu mnihukumu mnavyotaka.

Naitwa Kerubo, mzaliwa wa Nyaramba. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, miaka ya sitini ikielekea ukingoni. Niliacha shule nikarudi nyumbani kumsaidia mama kwenye shamba la pareto. Kwa nyinyi wa mbali msioijua, pareto ni ua jeupe lenye moyo wa manjano. Linachumwa kwa mkono, linaanikwa likauke, kisha linapelekwa kutengenezewa dawa ya kuua wadudu. Mnunuzi haangalii uzuri wake. Anaangalia nguvu ya dawa iliyomo ndani. Likiwa dhaifu analikataa, na wewe unarudi nalo kichwani ulivyokuja.

Shuleni nilikuwa na kipaji kimoja tu, hesabu. Mwalimu wetu alikuwa akinikabidhi chaki nimalizie hesabu ubaoni naye akivuta pumzi dirishani. Kwa hiyo niliposikia kwamba shamba la majaribio limefunguliwa upande wa Kebirigo na wanatafuta karani wa kumbukumbu, nilifua gauni langu la kanisani nikaenda. Walinipa jaribio la kujumlisha na kugawanya. Nilimaliza kabla ya yule aliyenipa hajamaliza chai yake.

Nikaajiriwa! Mama alilia kwa furaha. Binti yake, mwana wa mjane, anakwenda kazini na kalamu!

Kazi yetu ilikuwa kujibu swali moja. Pareto ichumwe kila baada ya siku ngapi? Ukichuma mapema mno, maua ni machanga, hayana nguvu. Ukichelewa mno, yanapevuka kupita kiasi na nguvu inapungua. Mahali fulani katikati pana kilele, siku ambayo ukichuma unapata dawa nyingi kuliko siku nyingine yoyote. Kilele hicho ndicho tulichokuwa tukikitafuta.

Tulikuwa na vipande saba vya shamba. Cha kwanza kilichumwa kila baada ya siku saba, cha pili kila baada ya kumi, cha tatu kila baada ya kumi na tatu, na kuendelea hivyo kwa kuongeza siku tatu tatu, hadi cha saba kilichochumwa kila baada ya siku ishirini na tano. Mimi nilipima uzito, nikatuma sampuli maabara, nikaandika majibu. Misimu miwili! Nimelowa mvua za huko mpaka viganja vyangu vikawa na mikunjo kama vya bibi kizee.

Huko ndiko nilikokutana na Momanyi.

Alikuwa bwana shamba msaidizi, kijana wa Keumbu, mrefu, mwenye sauti ya taratibu. Alikuwa amesoma chuo. Wengine pale walinipigia kelele, "Karani, lete hiki! Karani, lete kile!" Yeye aliniita kwa jina langu. Aliketi na mimi kwenye benchi akaniuliza maoni yangu kuhusu hesabu, na alikuwa akisikiliza jibu. Msichana aliyeacha shule kidato cha pili, mnadhani moyo wake ungefanya nini?

Tulipendana. Wazee wake walikuja nyumbani, wakaketi na ndugu za marehemu baba, na ng'ombe wakaletwa. Harusi ingefuata baada ya mavuno. Mama alikuwa akiwatazama wale ng'ombe uani na kuimba peke yake.

Majibu ya maabara yalipokamilika, nilichora grafu. Chini niliweka siku, pembeni nikaweka kiasi cha dawa. Nukta saba. Nne za kwanza zilipanda karibu kwa mstari mnyoofu. Ya tano, ya siku kumi na tisa, ikainama kidogo. Ya sita ikashuka. Ya saba ikaporomoka kabisa! Nilikaa na mashine ya kuhesabia, ile ya kuzungusha kwa mkono, siku tatu nzima nikitafuta mkunjo unaokaribiana na nukta zote saba. Kisha nikatafuta kilele chake. Kiliangukia siku ya kumi na saba.

Momanyi aliponiona na ile karatasi aliishika mikono yangu miwili. "Kerubo," aliniambia, "hapa ofisini wote tunakula mshahara wa bure. Anayefanya kazi ni wewe."

Laiti angebaki mtu yule!

Lakini ofisini Kisii kulikuwa na mkubwa wetu, ambaye tulimwita Bwana Mkubwa na jina lake silitaji. Mzee huyo alikuwa amesimama mbele ya wageni kutoka Nairobi akatangaza kwamba wanawake wa Kisii na Nyamira wanapoteza muda wao kwa kuchuma kila mara. Alisema kuchuma mara moja kwa mwezi kunatosha. Aliyasema hayo kabla hajaona hata namba moja ya vipande vyetu. Na alikuwa mtu ambaye akishasema, amesema.

Wakati huohuo ilikuja nafasi ya masomo ng'ambo. Nafasi moja tu. Sahihi ya kumpeleka mtu ilikuwa ya Bwana Mkubwa.

Tena lilikuwapo jambo la kompyuta. Siku hizo ndiyo kwanza tulianza kusikia habari zake. Ilikuwa Nairobi, mashine kubwa kama nyumba, inalishwa kadi zilizotobolewa matundu, na ndani yake wameweka programu ya takwimu inayotafuta kilele yenyewe. Kazi yangu ya siku tatu, yenyewe inaifanya kwa dakika! Momanyi aliagizwa apeleke namba zetu huko. Karatasi ikitoka kwenye mashine ile, nani angeibishia?

Alikuja mezani kwangu mchana mmoja, wenzetu wakiwa shambani. Alisimama nyuma ya kiti changu. Aliniambia ninakili jedwali upya, safi, kwa ajili ya watoboaji wa kadi, ila niiache mistari mitatu ya mwisho.

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Momanyi, hiyo mitatu ndiyo inayoonyesha kwamba nguvu inashuka."

"Vile vipande vilipigwa na mvua."

"Mvua ilipiga vipande vyote saba. Mimi nilikuwa ndani yake."

Akaniwekea mkono begani, akasema kwa ile sauti yake ya taratibu, "Kerubo, mimi na wewe tunajenga nyumba moja au nyumba mbili?"

Wasomaji, nilijua! Msije mkasema niliponzwa na ujinga. Nilijua kwamba bila mistari ile mitatu, kilichobaki ni kilima kisicho na mteremko. Nilijua kama ninavyolijua jina langu. Lakini niliwaona wale ng'ombe uani, nikamsikia mama akiimba... nikachukua kalamu. Nilinakili mistari minne. Chini niliandika: Imeandikwa na Kerubo, karani wa kumbukumbu. Nikatia sahihi.

Alinishukuru. Aliniambia kwamba akirudi kutoka ng'ambo, mimi ndiye nitakuwa mke wa daktari wa mimea.

Majibu yalirudi kutoka Nairobi kwenye karatasi ndefu iliyokunjwakunjwa. Kilele kilikuwa siku thelathini. Bwana Mkubwa alifurahi kupita kiasi. Mashine ya kisasa imethibitisha maneno yake! Mwongozo ukachapishwa, ukabandikwa kwenye kuta za vituo vya kununulia, ukasomwa makanisani. Akina mama, chumeni mara moja kwa mwezi!

Na mama yangu? Alitembea nyumba hadi nyumba akiwaambia wenzake wasiwe na wasiwasi. "Hesabu hiyo ameifanya Kerubo wangu." Wengi walisita, maana tangu pareto iingie kwetu walikuwa wakichuma mapema. Jirani yetu Nyaboke, mwanamke wa makamo aliyekuwa kiongozi wa kikundi chao, alikataa katakata mwanzoni. Alikubali kwa sababu ya mama. Kwa sababu yangu, yaani.

Kuna siku nilitaka kumwambia mama ukweli. Nilifika mpaka mlangoni pa jiko. Nikamwona anapepeta wimbi, ameridhika... nikageuka nikarudi nilikotoka. Huo ndio uoga wangu wa pili.

Msimu ulipofika, maua yalikaa kwenye mashina mpaka yakaanza kugeuka kahawia. Petali zilidondoka. Wanawake waliyachuma, wakayaanika, wakabeba magunia hadi kituoni. Baada ya wiki mbili majibu ya sampuli yakaja. Dhaifu! Yamekataliwa! Gunia baada ya gunia, kijiji kizima!

Nilikuwapo siku ile mama alipoteremka kutoka kituoni na gunia lake mgongoni. Hakuniangalia. Alipita moja kwa moja hadi shimo la taka nyuma ya nyumba akalimimina lote. Kisha akachukua jembe, akaingia shambani, akaanza kung'oa mashina ya pareto moja moja. Nilimshika mkono. Akaniambia, "Yaya!" Kwetu hilo ni neno la kukataa, na mama hakuwahi kunitamkia hivyo tangu nizaliwe.

Jumapili iliyofuata, kanisani, benchi letu lilikuwa na watu wawili tu, mimi na yeye. Waliozoea kuketi nasi walihamia upande wa pili.

Mambo hayakuishia hapo. Kulipotokea malalamiko, ofisi ilihitaji mtu wa kubebeshwa lawama. Niliitwa Kisii. Bwana Mkubwa alinitupia mezani jedwali langu pamoja na nakala ya karatasi ya kompyuta. Alisema mashine haikosei, kwa hiyo aliyekosea ni aliyeandika namba. Je, hii si sahihi yangu?

Ilikuwa sahihi yangu.

Momanyi alikuwa amesimama pale, kando ya kabati. Nilimtazama. Nilingoja aseme neno moja tu... moja! Alisafisha koo, akasema, "Mimi nilipeleka nilichopewa na karani."

Sikupiga kelele. Niliziokota zile karatasi mbili, nikazikunja, nikatoka nazo, na hakuna aliyethubutu kuniambia nizirudishe. Hivyo ndivyo nilivyofukuzwa kazi.

Haukupita mwezi, wajomba zake wakaja kuchukua ng'ombe wao. Walisema mtoto wao hawezi kuoa mtu aliyeharibu jina. Ng'ombe waliswagwa barabarani saa nne asubuhi, siku ya soko, watu wamejaa pande zote mbili. Mama alijifungia ndani. Mimi nilisimama langoni nikawahesabu wote mpaka wa mwisho akapita. Nilitaka waone kwamba sijajificha! Baadaye nikasikia kwamba Momanyi amefunga ndoa na mpwa wa Bwana Mkubwa, na wameshapanda ndege pamoja.

Je, nilikufa? Sikufa. Nililala siku nane na uso ukutani. Siku ya tisa nilichoka kujihurumia, nikazikunjua zile karatasi.

Nilisoma ile ya kompyuta mstari kwa mstari. Jibu lilikuwa thelathini, pamoja na sufuri mbili baada ya nukta. Thelathini kamili! Nikaketi wima kitandani. Misimu miwili nimepima maua, na haijawahi kutokea namba kamili namna ile. Vitu vya shambani havijui kukaa sawasawa hivyo. Nilikuwa najua dhambi yangu mimi, lakini hapa palikuwa na jambo jingine.

Nilikuwa na rafiki mmoja, Zuhura, mzaliwa wa Kisii mjini. Baba yake aliuza vitambaa karibu na msikiti, na tulisoma darasa moja shule ya msingi ya huko. Yeye ndiye aliyenifundisha Kiswahili hiki ninachokiandika, maana mimi nilifika pale na Ekegusii tupu mdomoni, lugha yetu ya nyumbani, nikisema "kitu yangu" na "mtu ile," naye akinisahihisha bila kunicheka. Sasa Zuhura alikuwa mtoboaji wa kadi Nairobi, kwenye kituo kilekile chenye kompyuta. Nilimwandikia barua kupitia baba yake. Alijibu kwa neno moja: Njoo.

Nilikwenda. Nilichukua daftari langu la shambani, lile chafu lenye matope, lenye namba zote saba. Mama hakuniuliza ninakwenda wapi.

Zuhura alinipokea mchana, wakati wa chakula, mafundi wakiwa wametoka. Mle ndani palikuwa na baridi kali na mngurumo usiokatika. Alikuwa amevaa ushungi na sweta mbili. Aliipokea karatasi yangu, akaikunjua, akaanza kucheka kwa huzuni.

"Dada, hii programu naijua. Kila wiki natoboa kadi zake. Unajua inavyotafuta kilele?"

Nilimwambia sijui.

"Kwanza inachora mkunjo unaokaribiana na namba zako. Halafu inaupanda hatua kwa hatua. Ikiona hatua inayofuata inashuka, inarudi nyuma na kufupisha hatua. Inafanya hivyo mpaka ifike mahali ambapo mbele ni mteremko na nyuma ni mteremko. Hapo inasimama, inakuambia, hiki ndicho kilele."

"Na isipoona mteremko wowote?"

"Itapanda tu, dada. Itapanda mpaka igonge ukuta."

"Ukuta gani?"

Aliweka kidole juu ya mstari mmoja mwanzoni mwa karatasi, mstari nilioupita mara kumi bila kuuelewa. "Huu hapa. Anayeleta kazi ndiye anayeandika mwisho, kwamba usitafute zaidi ya hapa. Huyu mtu wenu aliandika thelathini. Mashine haikupata kilele chochote. Iligonga ukuta aliousimamisha yeye mwenyewe!"

Kumbe hata kwa ile mistari minne niliyomwandikia, mashine haikuwahi kusema thelathini. Thelathini ilikuwa ya Bwana Mkubwa. Momanyi aliiandika kwa mkono wake, na mashine ikamrudishia.

Zuhura alitoboa kadi mpya, saba badala ya nne. Ukuta akausogeza mbali hadi siku sitini. Alifanya hayo akijua kwamba akikutwa anaweza kupoteza kazi yake, na hakunikumbusha hilo hata mara moja. Tulisimama pamoja, karatasi ikitoka kwa kelele. Aliing'oa, akanipa nisome mwenyewe.

Kumi na saba, na vipande vidogo baada ya nukta.

Nililia. Nililia pale mbele ya mashine kama mtoto! Nilikuwa nimekipata kilele hicho kwa penseli na kile kimashine cha kuzungusha, mimi, msichana wa kidato cha pili wa Nyaramba. Na nilikuwa nimekiuza.

Niliporudi nilikwenda kwanza ofisini Kisii. Bwana Mkubwa alikataa kuniona. Karani wake aliniambia niache karatasi, watanitafuta. Sikuacha hata nakala. Nilikuwa nimekwisha jifunza!

Nikaenda kwa Nyaboke. Nilimwomba aite kikundi. Akasema, "Nitawaita. Wakikutemea mate, mimi sitawazuia."

Walikuja wengi kuliko nilivyotegemea, kwenye uwanja wa kituo. Mama alikuja pia, akasimama nyuma kabisa. Nilikuwa nimepanga kuanza na Momanyi, na Bwana Mkubwa, na ukuta. Nilipofungua mdomo, yakatoka mengine.

"Mistari ilikuwa saba," niliwaambia kwa Ekegusii. "Mtu niliyempenda aliniomba nifute mitatu. Nilijua maana yake. Nikafuta. Yeye ana dhambi yake, na aliyemtuma ana yake. Lakini mkono ulioandika karatasi ile ni huu."

Nikauinua mkono wangu.

Mwanamke mmoja alitoa sauti ya kuguna, akaondoka. Wengine wawili wakamfuata. Sikumtazama mama, sikuweza. Nikaikunjua karatasi ya Nairobi, nikawaeleza kilele kama Zuhura alivyonieleza, hatua kwa hatua, na namna ya kugonga ukuta. Walielewa upesi sana, kuliko Bwana Mkubwa angeweza kuelewa. Nani kati yao asiyejua kupanda kilima?

Nilipomaliza, Nyaboke alisimama. Nilijiandaa kwa matusi. Alijifunga leso yake vizuri kiunoni, akasema, "Kosa tumelisikia. Hasara tumeshaila. Sasa tuambie wewe, tuchume lini?"

"Siku ya kumi na saba," nilimjibu.

"Kumi na saba," aliwageukia wenzake. "Anayetaka mwezi, ofisi iko Kisii. Aende akaulize huko!"

Wapo waliocheka. Mama alinipitia pale nilipokuwa nimesimama, akachukua daftari langu, akalitia kwapani, akasema tu kwamba kuna mboga za kuchuma kabla ya mvua. Tukaenda nyumbani. Kwa mama yangu, huo ulikuwa msamaha, na sikuthubutu kuomba zaidi.

Msimu uliofuata pareto ya kikundi chetu ilipokelewa yote. Akina mama wa Kebirigo wakaja kuuliza, kisha wa Keumbu. Mwongozo mpya ulibandikwa ukutani mwaka uliofuata, unasema siku kumi na saba. Una muhuri wa ofisi. Jina langu halipo. Mpaka leo sijaombwa radhi na mtu yeyote, wala kazi yangu sijarudishiwa, na yule mwanamke wa kwanza kuondoka uwanjani bado hanisalimu. Ana haki yake. Mama alipanda pareto upya, nusu ya shamba tu. Nusu nyingine aliweka mahindi, akasema hesabu za watu hataziamini zote tena, hata zangu.

Momanyi aliniandikia. Ndiyo, aliniandikia! Barua ya ndege, yenye stempu nzuri. Alisema ana huzuni kwa yaliyotokea, kwamba ujana ulimponza. Katika ukurasa wa pili ndipo nilipoliona lililomfanya anikumbuke. Wazungu wake wanataka kuona namba za asili kabla hawajampa shahada. Je, ningeweza kumtumia daftari?

Nilimjibu kwa mistari miwili. Nilimwambia kwamba daftari lina mistari saba, na kwamba kama walimu wake wanataka kuiona, waniandikie mimi, kwa jina langu. Hakuna aliyeniandikia mpaka sasa.

Siku hizi nafundisha hesabu jioni kwa wasichana walioacha shule, kwenye chumba cha kanisa. Hanilipi mtu. Jambo la kwanza ninalowafundisha ni kuandika namba walizoziona, zote, hata zile mbaya, hata zile zinazomkasirisha mkubwa. Mashine zinakuja kwa wingi, na tutaambiwa kwamba hazikosei. Wasichana wangu wanajua kwamba mashine hupanda kilima ulichoipa. Ukiificha nusu ya kilima, itakudanganya kwa uaminifu kabisa!

Kosa langu mimi halikuwa la hesabu, wasomaji. Nilikuwa na jibu sahihi mkononi, nikamwachia mtu alipinde kwa sababu aliniita kwa jina langu vizuri. Je, mapenzi yanayodai ufute ulichokiona kwa macho yako ni mapenzi gani?

Kwa hiyo wewe binti unayeketi leo mbele ya daftari la kazi, na umpendaye amesimama nyuma ya kiti chako akikuambia punguza kidogo tu, nani atajua... usithubutu! Usibishane naye, usilie. Mpe kalamu. Mwambie aketi afute mwenyewe, kwa mwandiko wake, na chini aweke sahihi yake. Utaona atakavyokumbuka ghafla kwamba ana safari ya haraka.